Watafiti wanafunzi huku Bondeni (Afrika Kusini) tunageuzwa punda, na sasa benki nayo imenifungia hela zangu

Wakuu, mnivumilie, leo natoa povu.

Ijumaa nimeacha unga, mafuta na trei ya mayai kaunta, supamaketi moja hapa Durban. Kadi imegoma. Foleni nyuma yangu wanasonya, keshia ananitazama kama kibaka. Nikadhani posho imechelewa tena. Kumbe safari hii hela ipo, ila akaunti imefungwa! Visa yangu ya masomo imeisha muda, na kwa benki za huku visa ikifa, na hela zako zinawekwa mahabusu.

Sasa mwenye kosa nani? Utaratibu unataka uombe kuongezewa visa siku 60 kabla haijaisha. Mimi niliomba siku 80 kabla. Barua ya chuo, bima ya afya, cheti cha polisi, uthibitisho wa fedha, vyote nilipeleka. Huu ni mwezi wa saba naambiwa "ombi linashughulikiwa". Nina risiti, nimeikunja na kuikunjua mpaka inataka kuachana katikati. Benki dada wa dirishani kaniambia mfumo hauna sehemu ya kuingiza risiti. Nikamuuliza, hela mnazokata kila mwezi za kutunza akaunti, hizo mfumo unaziona? Akaita mtu anayefuata.

Tena chuo ndicho kinanichefua zaidi. Ukiuliza mkataba, wewe ni mwanafunzi. Ukiomba kupumzika siku mbili, mradi hauna likizo. Visa ya masomo inaruhusu kazi za saa 20 kwa wiki. Saa 20 zangu zinaisha Jumatano, kuanzia Alhamisi nakuwa "kwenye mafunzo". Mafunzo gani ya kuamka saa 10 usiku kuwahi teksi (vihiace tu hivyo, ila ndivyo wanavyoviita) ili saa 12 uwe kliniki ya lokishini, kwenye uswahilini wao?

Kazi yenyewe ni kufuatilia watu walioacha dawa za kufubaza VVU. Jimbo letu la KwaZulu-Natal ni kati ya yaliyoumia zaidi Afrika Kusini, na hakuna nchi duniani yenye watu wengi wanaoishi na VVU kuliko hii. Sidharau kazi, naipenda. Mwaka 2024 jaribio la PURPOSE 1 lililofanyika huku na Uganda lilitoa majibu: wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa lenacapavir, sindano ya kuzuia maambukizi ya VVU, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dunia nzima ikapiga makofi. Nilikuwa natazama habari zile nikiwawaza waliobeba majokofu ya sampuli juani na waliosoma fomu ya ridhaa mara mia kwa siku. Hao hawaitwi jukwaani.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kwetu waliotangulia kupunguzwa ni wahudumu wa jamii, wale wanaojua nyumba ya fulani iko nyuma ya kanisa gani. Tulikuwa tisa tukabaki wanne. Dodoso halikupungua hata swali moja. Mwaka huohuo kukawa na vikundi vinasimama kwenye mageti ya kliniki kuuliza vitambulisho, wageni hawatakiwi. Nina beji ya utafiti shingoni, lakini Kizulu changu kinanisaliti nikifika tu kwenye salamu ya pili.

Wiki hii nimekaa na gogo mmoja (bibi kwao ni gogo, msicheke). Kuna swali kwenye dodoso: wiki 4 zilizopita, uliwahi kulala bila kula kwa kukosa chakula? Kanijibu taratibu, mara mbili, akaeleza na siku zenyewe. Halafu akanitazama: "Wena, udlile?" Wewe je, umekula? Hicho Kizulu hakihitaji mkalimani, ni kula yetu ileile. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa na mkate na maji tangu Ijumaa. Na tuna bahasha za nauli za washiriki, randi zimo humo ndani, nazibeba mgongoni kutwa nzima nikirudi kwa miguu.

Nyumbani nako usiseme. Mdogo wangu kaniandikia, "Bro uko Sauzi, laki mbili ya ada inakushinda?" Mama anajua nasomea udaktari, na hata nikimwambia ni shahada ya afya ya jamii anajibu udaktari ni udaktari.

Msimamizi wangu nilimwandikia Jumamosi kuhusu akaunti. Jibu limekuja Jumatatu: pole sana, halafu kwenye mstari huohuo anauliza takwimu za robo mwaka zitakuwa tayari lini.

Watakaokuja kusema "rudi nyumbani" wapite kushoto, nauli yenyewe iko humo benki. Ninaowataka ni mliopitia hili. Kuna aliyefunguliwa akaunti kwa risiti tu, visa haijatoka? Ulibeba karatasi gani, na ulionana na meneja au mlimalizana palepale dirishani? Na posho inaweza kupitishwa akaunti ya mtu mwingine bila chuo kuleta maneno? Njooni PM kama hamtaki kuandika hapa. Kodi ya chumba ni tarehe 1.