Ovaroli iliyopakwa polima: je, ikubaliwe kuwa vazi la kinga?

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili kama ovaroli iliyopakwa polima (kitu cha jamii ya plastiki, chenye molekuli ndefu) inayopitisha umeme ikubaliwe kuwa vazi la kinga kwa mtu anayeuza petroli au anayefanya kazi katika kiwanda cha unga, mahali ambapo cheche moja ya umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya kwa msuguano, inaweza kuwasha mvuke au vumbi. Wanaoiunga mkono husema kwamba ni nyepesi, kitambaa chake hubaki laini, na haihitaji kufumwa kwa nyuzi za chuma. Hayo ni kweli. Mimi hata hivyo naipinga, mpaka muuzaji athibitishe kwamba kinga yake hubaki baada ya kufuliwa kwa sabuni ambayo mvaaji anaitumia nyumbani.

Sababu yangu imo katika namna kitambaa hicho kinavyotengenezwa. Mwaka 1977 wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba polima iitwayo poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri mno, na kazi hiyo ikawapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Polima za jamii hii zikiwa peke yake huvunjika kwa urahisi, hazifinyangiki na nyingi haziyeyuki, kwa hiyo ikaonekana afadhali kuzikuza juu ya kitu ambacho tayari kina umbo na uimara. Kitambaa cha poliesta au nailoni hutumbukizwa katika maji yenye kemikali ya piroli na kloridi ya feri inayoiunganisha, na molekuli za piroli zikaungana juu ya kila uzi kuwa utando mweusi wa polipiroli, ambao unene wake kwa kawaida haufiki mikrometa moja.

Utando huo hupitisha umeme kwa sababu umeshikilia ioni (chembe zenye chaji) zilizoingia wakati wa kutengenezwa, na alkali huidhoofisha hali hiyo. Katika polianilini, ndugu yake polipiroli, badiliko huonekana kwa macho: ikiwa na asidi ni ya kijani na hupitisha umeme; ikikutana na alkali hugeuka buluu na uwezo huo hupotea. Polipiroli ni ya hatari zaidi kwa mvaaji, kwa kuwa hubaki nyeusi hata pale uwezo wake unapopungua. Sabuni ya mche ina alkali, na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo huiharibu polima kabisa. Mfanyakazi atakuwa amevaa ovaroli nyeusi kama ilivyokuwa siku ya kwanza, akiamini bado inamlinda.

Nimejibiwa kwamba polianilini iliyopoteza uwezo hurudishiwa kwa kutumbukizwa katika asidi. Ndiyo, uwezo huo hurudi ukifanya hivyo katika maabara. Lakini ni nani atamwomba dobi aloweke ovaroli katika asidi baada ya kila mfuo, na ni nani atapima matokeo?

Njia mojawapo ya kukitimiza kiwango cha Ulaya cha EN 1149-5, cha mavazi ya kuzuia umeme tuli, ni ukinzani wa uso wa kitambaa (kiasi unavyozuia umeme kupita) usiozidi ohmu bilioni 2.5, na kitambaa kipya cha polipiroli hukitimiza bila shida. Lakini upungufu huja baada ya kufuliwa, kwa hiyo cheti cha kitambaa kipya hakinitoshelezi. Tena, vazi hata liwe zuri kiasi gani halitasaidia kama mvaaji amesimama juu ya ndala za mpira, kwa kuwa chaji haina njia ya kuingia ardhini. Viatu ni sehemu ya kinga hiyo hiyo, na waajiri wengi huwasahau wafanyakazi hapo.

Sisemi teknolojia yenyewe haifai. Mojawapo ya matumizi yake yaliyofaulu mapema ni tabaka la PEDOT, polima nyingine ya jamii hii, ambalo kampuni ya Agfa iliweka kwenye filamu za picha ili zisishike chaji, na filamu haifuliwi kwa sabuni. Vichujio vya vumbi na vifuniko vya mashine vinaweza kuwa mahali pake pia.

Kwa ovaroli, nawaomba wanaoiunga mkono watuletee vipimo vya ukinzani baada ya mifuo 10, 20 na 50 kwa sabuni ya mche, kitambaa kikiwa kimeanikwa juani. Vikibaki chini ya kikomo cha ohmu bilioni 2.5, nitabadili msimamo wangu hapa hapa.