Plani ya kupunguza taka hatarishi kiwandani (Texas), naanzia wapi?

Msukuma_Htown: Wakuu habari zenu. Niko Houston, kiwanda cha kupaka rangi vyuma, kwa mwezi taka hatarishi zinazidi kilo 1,000 kwa hiyo sheria inatuhesabu wazalishaji wakubwa. Sasa bosi kanitupia plani ya kupunguza taka, ile ya miaka mitano ambayo muhtasari wake unaenda TCEQ (idara ya mazingira ya jimbo la Texas), kanipa ya zamani anasema badilisha tarehe tu. Nimeisoma, "tutajitahidi" mwanzo mwisho. Mapipa yetu mengi ni thina chafu ya kuoshea spreyi. Nawaza tununue mtambo wa kuchemsha thina itumike tena, si inatosha?

fundi_mapipa: Mkuu usithubutu kubadilisha tarehe tu. Kila taka zikiondoka mtu wenu anasaini manifesti (hati ya kusafirishia taka), na kwa sahihi ile anathibitisha tamko la kisheria kwamba mna mpango wa kupunguza wingi na sumu ya taka, sasa mkaguzi akiuliza uko wapi utamwonyesha "tutajitahidi"? Mtambo sio mbaya ila huo ni kurejeleza, thina mmeshaichafua tayari, na ule uji unaobaki chini bado ni taka hatarishi. Iandike kwenye plani lakini isiwe ndo plani yenyewe. Anzia kwa wapaka rangi, kaa nao uone wanaosha spreyi mara ngapi, utakuta asubuhi nyeusi, saa nne nyeupe, mchana nyeusi tena, na kila wakibadilisha wanamwaga thina mpya. Pangeni oda kutoka rangi zilizopauka kwenda zilizokoza, suuza ya kwanza tumieni thina iliyokwishatumika, mpya iwe ya mwisho. Hapo hujanunua kitu.

mama_K: Fundi kamaliza. Naongezea tu, kuna wajuaji wanaacha pipa wazi thina ipae hewani halafu wanasema taka zimepungua, hiyo ni kosa, kifuniko kikae muda wote. Na msimwage takataka za kawaida kwenye pipa la thina, mnaishia kulipia pipa zima kama hatarishi.

Msukuma_Htown: Asanteni. Sasa kupima je? Mwaka jana kilo zilishuka na bosi anajisifu balaa.

fundi_mapipa: Zilishuka kwa lipi, au oda zilipungua? Gawanya kilo za taka kwa idadi ya vyuma mlivyopaka, hapo ndo utajua. Halafu bili ya kubeba mapipa ipelekwe kitengo cha rangi, ikikaa kwenye matumizi ya jumla haimuumi mtu, wakati thina mnailipia mara mbili, kuinunua na kuitupa. Na mkibaki chini ya kilo 1,000 kwa mwezi, muda wa kukaa na mapipa unatoka siku 90 unakuwa 180. Mwambie bosi hilo kwanza.

Msukuma_Htown: Oda zilipungua kweli 😂 tulipoteza mteja mkubwa. Kesho naingia kwenye chumba cha rangi na daftari.