Hivi Colnago bado ni ya Waitaliano au imeshachukuliwa na Waarabu?

mdau_wa_gia
Wakuu habari za jioni. Tangu yale mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, hii kitu hainitoki kichwani. Mbio ya wanaume kilomita 267 na vile vilima vya Kigali, watu kibao wameachia njiani, yule Mslovenia Pogačar kachomoka mapema akatembea zake peke yake mpaka mwisho, Evenepoel wa pili. Baiskeli yake Colnago. Sasa kuna jamaa hapa kitaa anabisha eti kampuni ni ya Abu Dhabi na fremu zinatoka Asia, Uitaliano umebaki kwenye stika tu. Ni kweli? Halafu kuna mtu ananiuzia fremu ya Colnago ya chuma, ya zamani, mtumba. Niichukue au nijichange nitafute kaboni? Naomba kueleweshwa.

fundi_spoki
Mkuu huyo jamaa yako yuko sahihi nusu. Mwaka 2020 kampuni ya uwekezaji ya Abu Dhabi inaitwa Chimera ilinunua sehemu kubwa ya Colnago, mzee Ernesto Colnago alikuwa ameshafika miaka 88. Na miezi michache baadae, Septemba ya mwaka huohuo, Pogačar akampindua mpinzani wake Roglič kwenye Tour de France, siku ya kila mtu kukimbia peke yake dhidi ya saa, kule La Planche des Belles Filles, alikuwa nyuma sekunde 57 akamaliza na jezi ya njano ya mshindi, Tour ya kwanza kushindwa kwa baiskeli yenye jina la Colnago. Ila makao bado yapo Cambiago karibu na Milano, na zile fremu za C kama C64 na C68 zinatengenezwa Italia. Za V anazokimbilia Pogačar ndo za Asia, na hilo sio kosa, karibu kila kampuni kubwa inafanya hivyo siku hizi.

Ila kusema Uitaliano ni stika tu, hapana, hapo namkatalia kabisa. Ernesto alianza utotoni kwenye kiwanda cha Gloria pale Milano. Alikuwa anakimbia mbio pia, akavunjika mguu, wakati anauguza akawa anasuka rimu nyumbani, ndo ukaanza ufundi wake mwenyewe. Mwaka 1955 mkimbiaji Fiorenzo Magni analalamika mguu unauma, Ernesto akaangalia kranki (mikono inayoshika pedali) akaona hazijakaa sawa sababu ya kotapini, kile kipini kinachobana kranki. Wanaotumia Phoenix wanajua vizuri, kotapini ikichongwa vibaya pedali moja inakaa juu kidogo kuliko mwenzake, ukikanyaga siku nzima goti linalia. Akaitengeneza, Magni akamchukua kuwa fundi wake, na Giro d'Italia, mbio kubwa ya Italia, ya mwaka huo akashinda Magni. Kampuni nzima imetoka kwenye jicho la namna hiyo, la mtu anayemtazama mwendeshaji kwanza.

kilima_tu
Naongezea hapo kwa fundi. Watu wanasahau 1972 Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx alivunja rekodi ya umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja, km 49.431, kwa baiskeli iliyotengenezwa na Ernesto, ya chuma, kilo 5.75! Leo na kaboni yote hii UCI, chama cha baiskeli duniani, hawaruhusu chini ya kilo 6.8. Walitoboatoboa mpaka cheni ili kupunguza uzito.

Na 1995 Paris-Roubaix, mbio ya Ufaransa inayopita barabara za mawe, wenye timu ya Mapei waliogopa kumpa mtu kaboni kwenye yale mawe, ilikuwa fremu ya Colnago inaitwa C40, Ernesto akasimama kwenye neno lake kwamba haivunjiki, Franco Ballerini akashinda nayo. Foki yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imenyooka, haijapinda mbele kama tulivyozoea, hilo wazo alilipata wakati anashirikiana na Ferrari miaka ya 80. Kwangu mimi huyo mzee ndo fundi mkubwa kuliko wote, sioni wa kumfikia.

mdau_wa_gia
Asanteni sana wakuu nimeelewa. Na hiyo fremu ya chuma je?

fundi_spoki
Mimi ningechukua chuma, ila kaikague kwanza. Geuza fremu uangalie chini pale kranki inapopita, Colnago nyingi za chuma zina tundu limekatwa kwa umbo la ua la karata, lile la majani matatu, na kwenye kichwa cha foki limechorwa pia. Hiyo nembo walianza baada ya mkimbiaji Dancelli kushinda mbio ya Milan-San Remo 1970. Kama stika ipo lakini chuma hakina alama yoyote, uliza maswali mengi.

Halafu nyuzi za skrubu za hapo chini kwenye kranki ni za Kiitaliano, pande zote mbili zinafungwa kwa kulia, kwa hiyo bakuli la beringi la upande wa cheni linapenda kulegea, fundi asiyejua atalazimisha aharibu nyuzi. Jaribu kutoa nguzo ya kiti, ikiwa imeganda usinunue hata kwa bei ya kutupa. Pima upana wa nyuma kwenye ekseli, nyingi za zamani ni milimita 126, habu (kitovu cha gurudumu) za baadae za breki za rimu 130, chuma kinatanulika kwa fundi mzoefu, kaboni huwezi. Kaboni ya mtumba usiyojua ilianguka wapi mimi siigusi, ufa unaweza kujificha chini ya rangi.

Weka picha ya hapo chini na ya foki, tuangalie pamoja kabla hujatoa hela.