Mrejesho: dishi la sentimita 60, gigahezi 2.4 au 5.8?

Wadau, niliuliza kama dishi la sentimita 60 litatosha kuunganisha kwa mawimbi ya redio Upper Hill na Kilimani, mitaa ya Nairobi, kilomita 3. Linatosha, kwa masafa ya gigahezi 5.8. Hapo urefu wa wimbi ni sentimita 5.2 hivi na mwale unabanwa hadi nyuzi 6. Kwa 2.4 wimbi ni sentimita 12.5, dishi lilelile linatawanya nyuzi 15. Kupata ukali uleule lazima dishi la karibu mita 1.5, mzigo mzito kwa mlingoti wa paa.

Mnapolenga dishi, angalieni sana vilele vidogo vya pembeni, yaani sehemu kando ya mwale mkuu ambapo kipimo cha mawimbi hupanda kidogo; vinadanganya. Zungusha polepole hadi upite kilele chenye nguvu zaidi, urudi hapo, kisha kaza nati kwa zamu ukisoma kipimo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, dishi linahama. Katikati ya njia, acha mita 6 wazi kuzunguka mstari wa dishi hadi dishi. Miti nayo huhesabiwa kama kizuizi.