Makutano mapya mtaani kwetu: mchoro mzima ni magari, sisi wa miguu tumetupiwa ngazi mita 250 mbali na kituo

Wakuu habari za jioni, naandika nina hasira na sitaificha. Jumamosi mwenyekiti wa mtaa alituita uwanja wa shule ya msingi, tukaambiwa halmashauri inapitia mchoro wa makutano ya barabara pale kwetu (Dar hii hii, jina la mtaa naliacha) na wananchi tutoe maoni kabla madiwani hawajakaa. Karatasi kubwa ikabandikwa ukutani kwa soltepu. Njia sita, flaiova katikati, magari yamechorwa mpaka taa zake. Nikaanza kutafuta mtu kwenye ile karatasi, nimetafuta weee, nikaja kumkuta pembeni kabisa, kamstari ka kijivu kameandikwa daraja la waenda kwa miguu. Nikauliza hapo na kituo cha daladala ni umbali gani, mhandisi akapima na rula yake akasema kama mita 250 hivi.

Yaani soko na zahanati viko mkabala na kituo, unaviona kwa macho, ila ili ufike utembee mita 250, upande, ushuke, afu urudi mita 250 zingine. Nusu kilomita kuvuka barabara ya mita 25! Na daraja lazima lipite juu ya malori ya kontena kwa hiyo ni zaidi ya mita 5 kwenda juu, hapo ni ngazi thelathini na kitu kupanda na hizohizo kushuka upande wa pili. Mwenye baiskeli ya miguu mitatu hakuna alichowekewa. Mjamzito anayeenda kliniki je? Mtoto wa darasa la kwanza saa 12 asubuhi, giza bado, atapanda kule peke yake?

Kuna mama jirani yangu anauza samaki, anarudi kutoka Feri na ndoo ya lita 20 kichwani, goti lake la kushoto limeoza siku nyingi. Akanyanyuka akauliza kwa upole tu, mwanangu injinia, mimi na ndoo yangu napandaje huko? Akajibiwa mama daraja ni kwa ajili ya usalama wako. Jamani. Mimi hapo ndo nilipandwa. Kama ni usalama wake mbona kila kitu kwenye mchoro kimewekwa ili gari lisipunguze mwendo na yeye ndo azunguke? Watu hawatazunguka, watapita chini palepale kituoni, watagongwa, na tutaambiwa ni wabishi hawatumii daraja. Majirani zetu Kenya walifungua Thika Road 2012, njia nane, watu wakawa wanagongwa wakivuka, na hata madaraja yalipokuwepo wengine waliendelea kukatiza chini kwa sababu matatu inawashusha kule na daraja liko huku. Hilo linajulikana miaka yote hii, tunalirudia la nini?

Kingine ambacho watu hawakukiona pale ni ile mikono ya kushoto. Kila kona ya makutano wamechora njia ya kukunja kushoto bila kusimama, kona pana imelala kabisa, gari linapita na mwendo wake. Hiyo naijua vizuri maana kona ya hivyo ipo sa hivi pale pale, ndogo tu. Mwezi wa tatu mke wangu alisimama kwenye kile kisiwa cha katikati anasubiri, ana mfuko wa unga kilo 5, Noah ikakunja, kioo cha pembeni kikampiga bega akadondoka upande wa ndani, tunamshukuru Mungu angedondokea upande ule mwingine ningekuwa naandika mambo mengine. Dereva hakugusa hata breki. Unga ulimwagika kwenye lami na matairi yakawa yanaukanyaga, nilipofika nilikuta michirizi myeupe imeenda mbali kweli, na ilikaa mpaka mvua ilipokuja. Bega mpaka leo hawezi kuanika nguo kamba ya juu. Sasa hiyo kona wanataka kuipanua ziwe nne!

Na hesabu haidanganyi. Shirika la Afya Duniani wanasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari la kilomita 65 kwa saa hatari ya kufa ni mara 4 na nusu ya akigongwa na la 50. Sheria yetu mjini ni 50. Kona ikiwa kali na kivuko kikiinuliwa kama tuta, dereva anapunguza hata kama hataki, hakuna haja ya kumweka trafiki asimame juani kutwa. Ila ukimwekea kona iliyolala unakuwa umemwambia pita.

Mtu asiseme napinga maendeleo. Flaiova ya Tazara ilipofunguliwa Septemba 2018 nilifurahi, na ya Ubungo Februari 2021 vilevile, anayekumbuka foleni ya mataa ya Ubungo anajua tulikotoka. Flaiova wajenge. Nachosema ni pale chini, gari za kupita zikishapanda juu, chini ibaki ya watu: zebra palepale kituoni yenye taa, kisiwa kipana katikati, na kijani cha miguu kiwe kirefu, maana njia sita za mita 3 na nusu ni mita 21, mzima anavuka kwa sekunde 18 lakini bibi anataka 26, taa ya sekunde 12 inamwacha katikati ya malori.

Pesa haipo? Hapa hapa Dar, Amend, shirika la usalama barabarani, wameweka matuta, njia za miguu na vizuizi karibu na mashule, vitu vya saruji na rangi, mradi wao wa SARSAI ukapewa tuzo ya kimataifa ya miji 2019. Dunia inatusifia kwa kitu ambacho kwenye mchoro wa mtaa wetu hakipo hata kimoja.

Maoni mwisho Ijumaa ofisi ya mtendaji. Nimeandika barua, nimechora kituo kilipo, zahanati ilipo na njia watu wanayopita kweli, mama wa samaki ameshaweka dole gumba kwa sababu hajui kuandika. Tuko 41. Waliopo upande wetu niPM niwaambie pa kusaini, na kama kuna mhandisi humu naomba aniangalie vipimo vya kona kabla sijapeleka, mita ngapi za mzunguko ndo gari linalazimika kushuka mpaka kilomita 20 kwa saa?