Chama kimpitishe mwenye msimamo au mwenye kura?

Katibu Kata aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mimi ni katibu wa kata wa chama kimoja cha upinzani, na katika kura za maoni za udiwani tuna watia nia wawili. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, mwanachama wa miaka kumi na minne, ambaye alipita nasi nyumba kwa nyumba tukigawa kadi wakati ofisi yetu haikuwa hata na benchi. Wa pili ni mfanyabiashara wa mbao aliyehamia kwetu miezi miwili iliyopita, baada ya jina lake kukatwa kule alikotoka. Ana watu, ana pikapu mbili zenye vipaza sauti, na pale kijiweni wameshaanza kumwita mheshimiwa. Tatizo ni kwamba huyu ndiye tuliyemsema mwaka mzima jukwaani kuhusu kiwanja cha soko. Wajumbe wengi wanataka tumpokee, kwa hoja kwamba chama kisichoshinda hakiwezi kumrudishia mtu kiwanja. Ninasita, lakini jibu la kuwapa sina.

Mkaazi wa Temeke alijibu:

Katibu, hayo yako ni ya mwaka 2015 kwa kipimo cha kata. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina ya watu ambao chama chake kiliwatuhumu kwa ufisadi, na jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu kwa sakata la Richmond, yaani mkataba wa umeme wa dharura. (Tuseme haki: alikanusha daima, na hakuwahi kushtakiwa.) Julai 2015 CCM, chama tawala, ilikata jina lake Dodoma katika mchujo wa wagombea urais, na kabla mwezi haujaisha alikuwa CHADEMA, akapitishwa kugombea urais kwa tiketi ya chama hicho akiungwa mkono na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Slaa akatangaza kuachana na siasa za vyama, na Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kingine cha UKAWA.

Watu husema chama kilipoteza heshima. Mimi naona kilipoteza kitu kinachoshikika zaidi, nacho ni mada. Kwa miaka minane kila kada wa CHADEMA, hata yule asiyejua ilani, aliweza kusimama juu ya meza na kuhutubia kuhusu ufisadi. Kampeni za 2015 zilipoanza, aliyeahidi mahakama ya mafisadi alikuwa John Magufuli, mgombea wa CCM, na sisi tulibaki kuimba mabadiliko bila kusema ya nini. Jiulize mtanadi nini siku ya kwanza, kama kiwanja cha soko hakitajwi tena.

Hesabu za Kura alijibu:

Kaka, umesimulia nusu. Mwaka 2010 Slaa, mwenye msimamo usiotiliwa shaka, alipata kura takriban milioni 2.27. Mwaka 2015 Lowassa alipata 6,072,848, sawa na asilimia 39.97, ambazo ndizo nyingi kuliko zote ambazo mgombea urais wa upinzani alikuwa amewahi kutangaziwa Tanzania Bara na Visiwani kwa pamoja. Wabunge wa CHADEMA waliongezeka kutoka 48 hadi 70. Kura za ubunge ndizo zinazogawa viti maalumu na kuongeza ruzuku, na ruzuku ndiyo inayolipa pango la ofisi ambayo katibu analalamikia benchi lake. Usafi bila pango huishia kukutania chini ya mwembe.

Mkaazi wa Temeke alijibu:

Nazikubali takwimu. Lakini Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, na Frederick Sumaye, Waziri Mkuu mwingine wa zamani aliyehamia upinzani mwaka 2015, naye akafuata mwaka 2020. Kura za kuazima hurudi na mwenyewe.

Msomaji wa Kisumu alijibu:

Hata huku kwetu Kenya jambo hili tumelionja, ingawa kwa sura nyingine. Baada ya kupeana mikono na Rais Uhuru Kenyatta Machi 2018, Raila Odinga aligombea mwaka 2022 akiungwa mkono na serikali ileile aliyoipinga kwa miaka mingi. Hesabu ilikuwa kwamba Uhuru angeleta kura za Mlima Kenya, eneo la nyumbani kwao. Mlima ulimpigia William Ruto, aliyetangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Kwa hiyo, kabla ya kubishana juu ya msimamo, thibitisheni kwanza kama kura za huyo bwana wa mbao zipo kweli. Watu wanaofuata pikapu yenye muziki si lazima wawe wamejiandikisha kupiga kura.

Katibu Kata aliandika tena:

Nashukuru, hasa kwa hilo la mwisho, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa amelihesabu. Jana tulimwita mfanyabiashara tukamtaka aeleze suala la kiwanja mbele ya mkutano mkuu wa kata, kabla ya wajumbe kupiga kura. Amesema atafikiria. Mwalimu yeye alipita ofisini jioni, hakuuliza lolote kuhusu uteuzi, akachukua daftari la wanachama na kuanza kupiga mstari majina ya waliofariki. Mkutano ni Jumamosi.