Pechi wanahamia wapi Ziwa Simcoe barafu ikishakuwa nene?

Mgeni_Barafuni
Wakuu, habari za humu. Swali kwa mlioko Ontario, Kanada, mnaovua barafuni. Mwanzoni mwa msimu samaki aina ya pechi wa manjano (yellow perch) wanapatikana vizuri kwenye ghuba ya Cook's Bay, pembezoni mwa majani ya majini, kina cha mita 3 hadi 5. Ikikaribia mwisho wa Januari sehemu zilezile zinakuwa hazina samaki kabisa. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 700, huwezi kulitoboa lote. Vifaa ni keekee ya mkono ya kutobolea barafu ya sentimita 15, sona ya duara (kifaa cha kuonyesha samaki kwa mwangwi) ya nyuzi 20 na hema dogo la kitambaa. Naomba kujua nianzie wapi kwenye ramani, na nikae kwenye tundu moja muda gani kabla ya kuhama.

ChubwiZito
Karibu mkuu. Pechi hafuati kina, anafuata chakula. Majani ya ghubani yakifa na kuanza kuoza yanakula oksijeni ya maji, na visamaki vilivyojificha humo vinakosa maficho. Wakati huo chakula kingi cha uhakika kimezikwa kwenye tope la chini: viluwiluwi vyekundu vya inzi wa ziwani, jamaa wa wale wanaopaa kama moshi Ziwa Victoria. Pechi wanakwenda huko kuvichimbua.

Kwa hiyo fungua ramani ya kina utafute mahali mteremko unapoishia na sakafu tambarare inapoanza, mita 8 hadi 12. Pale Cook's Bay inapofunguka kuelekea ziwa kuu pana sehemu za namna hiyo, na upande wa mashariki mbele ya Beaverton kuna tambarare pana. Ghuba ya Kempenfelt iache kwanza: inashuka hadi mita 40 hivi, na sehemu yake ya kina si ya kumtafutia pechi.

Ndani ya ukanda huo tafuta mpaka wa changarawe na tope. Shusha chubwi lenye uzito wa gramu 20 hivi hadi chini, kisha linyanyue taratibu. Kwenye changarawe utasikia mgongano mkavu mkononi. Kwenye tope linatua kimya, na ukivuta linang'ang'ania kidogo kabla ya kuachia. Matundu mawili yaliyo jirani yakikupa majibu tofauti, umeupata mpaka. Fuata mstari huo, usirudi kwenye mteremko.

Toboa matundu yote kwanza, ndipo uvue. Piga mstari wa matundu 8 hadi 10 kutoka mita 7 kwenda mita 12, hatua 15 kati ya tundu na tundu. Ukitoboa moja, ukavua, ukatoboa jingine, kila mara unawashtua samaki uliokuwa umeshawasogeza karibu. Ukimaliza, rudi tundu la kwanza; kelele zitakuwa zimetulia.

Kila tundu lipe dakika 5. Shusha kijiko (chambo bandia cha chuma) kidogo cha gramu 3 hadi 5, kigonge kwenye tope mara tatu au nne mpaka litimke, kinyanyue sentimita 20, kisha tulia kabisa. Pechi anakuja kuangalia vumbi, lakini anauma chambo kilichosimama. Dakika 5 zikipita bila dalili kwenye sona, hama. Hema liache kwenye sleji ya kuburuta mizigo mpaka uwapate; anayelisimamisha mapema anavua hema, si samaki.

Nyuzi_Tisa
Naongezea upande wa sona, maana hapo wengi wanapoteza samaki walio chini yao. Kwa pembe ya mawimbi ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10 unaona duara la mita 3.5 hivi. Kwa nyuzi 9 ni mita 1.6. Duara pana ni zuri kwa kutafuta, lakini kwenye mteremko linakudanganya: sehemu ya juu ya mteremko inarudisha mwangwi kwanza, na samaki aliyelala upande wa chini anamezwa na alama ya sakafu. Pechi hukaa sentimita chache tu juu ya tope, kwa hiyo kuza mita 2 za mwisho, kisha punguza nguvu ya mawimbi mpaka chambo chako kibaki mstari mwembamba. Sakafu ikianza kuvimba au kutikisika kwa juu, hao ndio.

Sona hiyohiyo inakueleza sakafu pia. Ngumu inatoa mkanda mpana unaong'aa na mara nyingi mwangwi wa pili chini yake. Tope linatoa mkanda hafifu.

Na kwa mwenye keekee ya mkono hili litakuokoa mabega: barafu ikiwa angavu isiyo na mapovu, fagia theluji, mwaga maji kidogo, bandika kichwa cha sona juu ya hayo maji. Utasoma kina na hata samaki bila kutoboa. Barafu nyeupe yenye hewa ndani haikubali.

Mgeni_Barafuni
Asanteni sana. Nikikuta kundi lakini wote ni wadogo kama kidole, nivumilie au nihame?

ChubwiZito
Hama. Pechi hutembea kwa rika, wa sentimita 12 na wa sentimita 28 mara nyingi hawako kundi moja. Jaribu kwanza matundu ya upande wa kina zaidi, hatua 20 hadi 30. Ukipata mkubwa mmoja, mpasue tumbo. Ukikuta viluwiluwi vyekundu, baki kwenye tope na tumia ndoana ndogo yenye funza wawili. Ukikuta visamaki, ujue kundi linatembea. Tumia kijiko na uangalie maji hadi mita moja na nusu juu ya sakafu.

Saa nazo zizingatie. Pechi anategemea macho. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, halafu saa tisa alasiri mpaka jua linapozama. Giza likiingia analala chini, fungasha.

Sentimita_Kumi
Kabla ya yote, pima barafu. Sentimita 10 za barafu mpya angavu ndiyo kiwango cha chini kwa mtu anayetembea. Nyeupe hesabu nusu ya nguvu. Kaa mbali na mdomo wa mto Holland na mlango wa Atherley, maji yanayotembea hula barafu kutoka chini. Nyufa za mgandamizo hubadilika ndani ya siku moja, usiamini njia ya jana.

Kanuni: mishipi miwili kwa mtu, uwe ndani ya mita 60 nayo na uione muda wote. Mwisho wa pechi unaoruhusiwa kuchukua ni 50 kwa leseni kamili, 25 kwa leseni ya uhifadhi (ile yenye kikomo kidogo). Hema la kitambaa lisilozidi mita za mraba 7 halihitaji kusajiliwa.

Kingine, pechi anayetolewa kina cha zaidi ya mita 9 au 10 anavimba kibofu cha hewa na hawezi kutoa hewa hiyo haraka. Ukimrudisha anaelea chini ya barafu mpaka afe. Kwa hiyo kwenye kina hicho usivue kwa kuchagua: wakiwa wadogo ondoka mara moja, na idadi unayoihitaji ikitimia, kunja mishipi.